Jinsi ya kufika unakotaka na GPS ya baiskeli (tuchukue Mwenge, Dar, mpaka Magofu ya Kaole, Bagamoyo)

Watu wananunua GPS ya baiskeli kama Garmin Edge au Wahoo kwa hela ya maana halafu wanaishia kuangalia spidi na kilomita tu, hii inaniuma kweli, maana hicho kidude kinaweza kukutoa mlangoni kwako kikakufikisha mahali hujawahi kukanyaga tena bila bando. Setelaiti zinatuma, kidude kinapokea, basi. Bando unalihitaji nyumbani wakati wa kuandaa, na kuandaa ndo kazi yenyewe, ifanye usiku wa kabla ya safari.

Hapa naongelea Garmin Edge. Tuanze na ramani maana wengi wanakwama hapa. Edge 530 na 830, zile zilizotoka 2019, ukiletewa na ndugu kutoka Ulaya au Marekani kwa kawaida inakuja na ramani ya huko huko. Ukiwasha Mwenge unakuta barabara kubwa moja mbili, na kamshale kako kamekaa katikati ya weupe. Ni nzima, usihangaike kuirudisha. Fungua garmin.openstreetmap.nl kwenye kompyuta, chagua Tanzania, ni bure, utashusha faili linaloitwa gmapsupp.img. Libadilishe jina liwe mfano tanzania.img ili lisije likafuta lililopo, chomeka GPS kwa waya wa USB, liweke kwenye folda la Garmin, kisha ingia setingi za ramani kwenye ile profaili unayotumia kuendeshea uiwashe na zile za Ulaya uzizime.

Ramani hii inatoka OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wenyewe, na kwa Dar ni tamu sana, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wenyewe wa mitaani wakachora mpaka vichochoro na mitaro. Sasa ubaya wake ni kwamba kidude kikiona kichochoro kinaona njia, kwahiyo ukikiachia kichague chenyewe kitakupitisha kwenye mchanga na nyuma ya mabanda ya kuku ili mradi kiokoe mita 300. Ndo maana lazima useme unaendesha nini. Kwenye setingi za njia kuna baiskeli ya lami, ya changarawe, ya milimani, na sehemu ya kukataza barabara za vumbi. Kama una tairi nyembamba kataza vumbi, usione aibu.

Haya, unakokwenda. Usiandike "Bagamoyo" ukaona umemaliza, utapelekwa katikati ya mji wakati magofu yapo Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji, upande wa baharini. Weka alama pale pale kwenye geti. Edge 830 ina skrini ya kugusa na unaweza kutafuta mahali humo humo, 530 ni ya mabatani na haina kutafuta, hiyo lazima uitumie njia kutoka kwenye simu au kompyuta. Na ukiingiza namba za ramani kwa mkono angalia alama ya kutoa, sisi tupo kusini ya ikweta. Bagamoyo ipo kama -6.4 na 38.9, ukisahau ile alama mwanzoni kidude kinaamini unataka kwenda kusini mwa Ethiopia na kitaanza kupiga hesabu bila kukuuliza.

Mimi nashauri uchore njia mwenyewe, kwa safari ndefu usiache kidude kiamue. Ingia Ride with GPS, tovuti ya kuchora njia za baiskeli, anzia Mwenge, vuta mstari ufuate Bagamoyo Road, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, halafu pale pa kukatia kwenda Kaole kuza picha ya setelaiti uone hiyo njia ipo kweli au ni kijia cha ng'ombe. Ukimaliza shusha faili la TCX au FIT, hayo yanabeba maelekezo ya kona, GPX mara nyingi inabeba mstari mtupu. Lidondoshe kwenye folda la NewFiles ndani ya Garmin, chomoa, washa, utalikuta kwenye Courses, yaani menyu ya njia ulizohifadhi.

Kabla hujalala zima ile setingi ya kupanga njia upya. Ikiwa imewashwa, ukitoka pembeni Bunju kunywa soda kidude kinadhani umepotea, kinatunga njia nyingine na ile uliyoichora kwa jasho inaondoka. Ikiwa imezimwa kitalia tu kwamba umetoka njiani, ukirudi barabarani kinaendelea kama kawaida.

Asubuhi usiwashie ndani ya nyumba. Toka nje penye anga wazi, washa, tulia pale mpaka kikamate setelaiti, kinahitaji angalau 4 kujua kilipo, halafu fungua Courses, chagua njia, bonyeza kuanza. Ramani iwe inageuka unavyogeuka wewe, skeli mita 80 au 120, ukikuza zaidi kona inakushtukiza. Na milio iwe imewashwa jamani. Bagamoyo Road ina malori na daladala zinazochomoka kituoni bila taarifa, macho yako yanatakiwa barabarani, masikio ndo yasikilize kidude. Kikilia, angalia mara moja tu, mshale na mita zilizobaki, basi.

Chaji, Garmin wanasema 530 inafika masaa 20, lakini ukiongoza njia na mwanga umepandisha inashuka haraka, shusha mwanga na beba pawabenki ndogo.

Ukishafika Kaole usizime. Seivu safari, kisha fungua ile ile njia uigeuze, au weka alama mpya ya nyumbani. Muda wa kufika kinaokuonyesha unatokana na mwendo wako na kilomita zilizobaki, upepo hakiujui, na miezi ya kusi, Aprili mpaka Septemba hivi, kurudi Dar ni upepo wa uso karibu njia nzima. Kikikwambia masaa 3, wewe weka 4, na ondoka Kaole kabla ya saa 8 mchana ili Tegeta usiikute gizani.