Kutoka Mswada hadi Jukwaani: Mwongozo kwa Mwandishi Mweusi wa Tamthilia Anayeanza Marekani

Mwaka 1926, akijenga kikundi cha maigizo cha Krigwa kule Harlem, New York, mwanazuoni Mweusi W. E. B. Du Bois aliweka masharti manne ya tamthilia ya watu Weusi: iwahusu wao, iandikwe nao, iwe kwa ajili yao, na ichezwe karibu nao. Waandishi wengi wanaoanza leo hutimiza matatu ya kwanza na kuliruka la nne. Mswada hutoka kwenye kompyuta ukaenda moja kwa moja katika ofisi ya jumba kubwa la maigizo, na masikio ya kwanza kuusikia yakawa ya watu wasioijua lugha yake. Wao husema "hapa sielewi", mwandishi anafuta, na kilichofutwa ndicho kilichokuwa kinaishi. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili hilo lisitokee: mswada usikike kwanza karibu na watu wake, ndipo usafiri.

Uandae mswada usomeke

Ukurasa wa mbele uwe na jina la tamthilia, jina lako, mawasiliano na tarehe ya toleo. Tarehe isiachwe. Baada ya marekebisho matatu utakuta waigizaji wawili wameshika matoleo tofauti, na nusu saa ya mazoezi inaishia kutafuta nani ana mstari upi. Faili ibebe tarehe katika jina lake, maana "toleo la mwisho" huwa halina mwisho.

Tumia herufi za ukubwa wa pointi 12, na namba za kurasa zinazoonyesha sehemu, onyesho na ukurasa. Kwa mpangilio wa kawaida wa tamthilia, ukurasa mmoja huchukua takriban dakika moja. Majibizano mafupi hukimbia zaidi, na usemi mrefu wa mhusika mmoja hukaa zaidi. Ukiwa na kurasa 130 bila mapumziko katikati, tatizo unalo tayari kabla hujamwita mwigizaji yeyote.

Orodha ya wahusika inahitaji uangalifu kuliko ukurasa mwingine wowote. Andika wazi kwamba mhusika ni Mweusi, umri wake kwa makadirio, uhusiano wake na wengine, na jambo moja linalomwongoza. Usidhani kwamba mazungumzo yenyewe yatamwelekeza mwongozaji. Mwaka 2015 chuo kimoja cha Marekani kilimpa mwigizaji Mzungu nafasi ya Martin Luther King katika The Mountaintop, tamthilia ya Katori Hall, naye Hall akaongeza sharti katika leseni kwamba wahusika wote wawili huchezwa na waigizaji Weusi isipokuwa mwandishi ameridhia vinginevyo kabla. Weka sharti kama hilo kwenye mswada wako tangu toleo la kwanza linalotoka nje ya nyumba yako. Ni sentensi mbili tu.

Kuhusu lahaja, chagua kanuni yako na uishike. Ukiandika kila neno jinsi linavyotamkwa, mwigizaji atahangaika kusoma herufi badala ya kucheza, na wasomaji wasiojua lahaja hiyo watasikia kejeli usiyoikusudia. Mpangilio wa maneno na mapigo ya sentensi hubeba sauti kuliko herufi zilizokatwa. Bakiza tahajia ya pekee kwa maneno machache ambayo yakibadilishwa mhusika anabadilika. Kama una alama zako mwenyewe za ukimya au kukatizana, zieleze katika ukurasa mmoja kabla ya onyesho la kwanza. Mwandishi wa tamthilia Suzan-Lori Parks hufanya hivyo kwa vituo vyake vya kimya, na waongozaji hupata pa kuanzia.

Na wewe unayeandika kwa Kiingereza huku mama wa tamthilia yako akizungumza Kiswahili, mwache azungumze. Weka tafsiri kwenye ukurasa wa mwisho kwa ajili ya waigizaji, si kwenye kinywa cha mtoto anayerudia kila alichosema mama yake kwa faida ya hadhira. Rekodi matamshi ya mistari hiyo kwa simu, polepole mara moja na kwa kasi ya kawaida mara moja, uitume pamoja na mswada.

Usomaji wa mezani

Huu ni usomaji wa faragha. Unahitaji waigizaji wa kutosha nafasi zote, mtu mmoja wa kusoma maelekezo ya jukwaa, na wasikilizaji wasiozidi watano. Usisome nafasi yoyote wewe mwenyewe, ukisoma husikii. Wape mswada siku tatu kabla. Waigizaji wachache wakilazimika kusoma nafasi mbili kila mmoja, hakikisha nafasi hizo hazikutani katika onyesho moja.

Kabla ya siku hiyo, punguza maelekezo yanayosomwa kwa sauti hadi yale tu ambayo bila hayo hadithi haieleweki: nani ameingia, nani ametoka, nini kimevunjika. Maelekezo ya "anatabasamu kwa huzuni" yakisomwa kila baada ya mistari miwili huua mwendo wote, nawe utadhani tamthilia ni nzito kumbe ni msomaji anayekatiza.

Wakati wa kusoma, usifuate maandishi. Weka karatasi yenye namba za kurasa na utie alama tatu tu: pale watu walipocheka au kuguna, pale walipojikunyata au kuangalia saa, na pale mwigizaji alipojikwaa. Mwigizaji mmoja akijikwaa mara moja si kitu. Akijikwaa mahali hapohapo akirudia, au wawili wakijikwaa kwenye usemi uleule, sentensi ina kasoro. Andika saa ya kuanza na kumaliza kila onyesho.

Mahali pa kusomea pana uzito. Ukumbi wa kanisa, maktaba ya mtaa, sebule kubwa, vyote vinafaa mradi wasikilizaji wawe wale ambao tamthilia inazungumza lugha yao. Swali moja la kuwauliza mwishoni ni hili: "Ni wapi uliacha kuamini?" Shangazi wa miaka 60 anayejua jinsi watu wanavyoongea kwenye matanga atakuonyesha uongo mmoja ambao washauri wa jumba la maigizo wasingeugundua kamwe.

Saa 29

Hatua inayofuata ni usomaji wa jukwaani mbele ya hadhira, ukiwa na mwongozaji. Kipimo kinachojulikana sana Marekani ni saa 29, kutokana na utaratibu wa chama cha waigizaji, Actors' Equity Association: mazoezi na usomaji wenyewe vikijumlishwa visipite hapo, waigizaji wakiwa na mswada mkononi, bila maleba wala mandhari. Hata kama waigizaji wako si wanachama, kipimo hicho ni kizuri kukipangia.

Zigawanye saa hizo hivi. Siku ya kwanza saa 5: soma yote, kisha mzungumze mezani. Siku ya pili saa 6 kwa maonyesho magumu. Halafu siku moja bila waigizaji, uandike. Siku ya nne na ya tano saa 6 kila moja, ukileta kurasa mpya asubuhi. Siku ya sita saa 6, usomaji ukiwa ndani yake. Kinachoharibu wiki hii mara nyingi ni mwandishi anayeleta kurasa 20 mpya usiku wa mwisho. Waigizaji watazisoma kwa woga, na hutajua kama kurasa ni mbovu au hazijazoeleka. Mabadiliko makubwa yaishe siku ya tano. Siku ya sita ni ya kukata mistari tu. Kurasa mpya zichapishwe kwenye karatasi za rangi nyingine ili zisichanganyike na za zamani.

Mchague mwongozaji kwa maswali anayouliza. Anayeanza na "ungependa watazamaji waone nini?" anafaa kusikilizwa zaidi kuliko anayeanza na picha zake za jukwaa. Omba pia mshauri wa mswada, na kama jumba halina Mweusi katika nafasi hiyo, omba umlete wako. Kama tamthilia ina matusi ya kibaguzi, kubaliana na waigizaji siku ya kwanza maneno hayo yatatamkwa lini: ndani ya usomaji peke yake, au pia wakati wa kurudia na kujadili. Jambo hili lisipozungumzwa, huchipuka siku ya nne katikati ya onyesho zito na mazoezi yanasimama.

Nyimbo zishughulikiwe mapema. Nchini Marekani wimbo uliochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kwa kawaida uko huru kutumiwa, lakini rekodi ya wimbo huo ina haki zake tofauti. Tenzi ya kale ya kanisani ikiimbwa na mwigizaji haina shida. Sahani ya mwimbaji maarufu ikichezwa jukwaani inahitaji ruhusa. Usijenge kilele cha tamthilia juu ya rekodi usiyoweza kuipata.

Maoni ya hadhira

Mazungumzo baada ya usomaji yana faida pale tu yanapoongozwa. Utaratibu wa mbunifu wa dansi Liz Lerman unafaa, na una hatua nne: wasikilizaji hutaja kilichowagusa, mwandishi huuliza maswali yake, wasikilizaji huuliza maswali yasiyo na maoni ndani yake, ndipo maoni hutolewa, mtoa maoni akiomba ruhusa kwanza. Mwongozaji wa mazungumzo asiwe wewe. Dakika 25 zinatosha.

Mbele ya hadhira iliyo na Wazungu wengi, mazungumzo huelekea kumgeuza mwandishi kuwa mwalimu wa maisha ya Weusi. Mtu huuliza kwa nini wahusika wanafanya ibada vile, au kwa nini nywele zinazungumzwa sana. Kubaliana na msimamizi kabla kwamba maswali ya namna hiyo atayarudisha kwenye tamthilia: "Je, hilo lilikuzuia kufuata hadithi? Ukurasa gani?" Huna wajibu wa kujibu zaidi ya hapo.

Ndiyo maana tunashauri usomaji mara mbili, wa kwanza kwa hadhira Nyeusi, wa pili kwa mchanganyiko, kisha ulinganishe karatasi zako za alama. Hadhira zote mbili zikipotea ukurasa uleule, ukurasa huo umevunjika, urekebishe. Hadhira ya pili ikipotea peke yake, jiulize kama ni taarifa ya hadithi iliyokosekana au ni ugeni tu. Ugeni uache. Watazamaji humudu kutojua mambo mengi, mradi wajue nani anataka nini.

Kutuma

Mwandishi Mweusi August Wilson alikataliwa zaidi ya mara moja na mkutano wa waandishi wa Eugene O'Neill Theater Center kule Connecticut kabla ya tamthilia yake Ma Rainey's Black Bottom kupokewa mwaka 1982. Kutoka hapo ilikwenda Yale Repertory Theatre, ikafika Broadway Oktoba 1984 chini ya uongozi wa Lloyd Richards, yuleyule aliyeongoza A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry mwaka 1959. Kati ya kila hatua mswada uliendelea kufanyiwa kazi. Kwa hiyo tuma kwa yule anayefaa hatua uliyofikia: wanaokuza miswada kwanza, wanaopandisha jukwaani baadaye.

Weka tamthilia kwenye New Play Exchange, hifadhi ya mtandaoni ya National New Play Network, muungano wa majumba yanayokuza tamthilia mpya, ambako majumba ya maigizo hutafuta miswada kwa idadi ya wahusika, urefu na mada. Fuatilia matangazo ya National Black Theatre ya Harlem, iliyoanzishwa na Barbara Ann Teer mwaka 1968, Penumbra ya St. Paul, na Playwrights' Center ya Minnesota. Tamasha lililoanzishwa na Larry Leon Hamlin huko Winston-Salem mwaka 1989 hukutanisha kampuni Nyeusi kutoka sehemu nyingi, na watu unaotaka wakujue huwa wapo.

Wakitaka mswada usio na jina, ondoa jina kwenye kila ukurasa na pia kwenye taarifa za faili. Miswada mingi hukataliwa kwa sababu hiyo tu. Wakitaka kurasa 10 bila kutaja zipi, peleka za mwanzo. Kama kurasa 10 za mwanzo si nzuri, tatizo si sampuli.

Mkataba

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, lakini isajili katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani kabla ya maonyesho ya kwanza. Kanuni inayotetewa na Dramatists Guild, chama cha waandishi wa tamthilia Marekani, ni kwamba hakuna neno linalobadilishwa bila idhini yako. Hakikisha imo kwenye karatasi, pamoja na idhini yako juu ya waigizaji na mwongozaji. Mrabaha katika majumba yasiyolenga faida mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya tiketi. Jumba likidai sehemu ya mapato yako ya baadaye, uliza ni asilimia ngapi, kwa miaka mingapi, na kwa idadi gani ya maonyesho linakuwa limestahili. Usomaji peke yake haulipi haki hiyo jumba lolote.

Yapo mambo ambayo mkataba wa kawaida huyasahau. Andika kwamba atakuwepo mtu anayejua kushughulikia nywele na mawigi ya waigizaji Weusi, na kwamba taa zitajaribiwa juu ya waigizaji wenyewe mapema, si juu ya fundi yeyote aliyepatikana kusimama jukwaani. Taa zilizopimwa kwa ngozi nyeupe humeza nyuso nyeusi katika onyesho la usiku. Uliza bajeti ya kuwafikia watazamaji Weusi, na tarehe. Ukipewa Februari, mwezi wa historia ya Weusi, uliza kama wana tamthilia nyingine ya Mweusi msimu huo. Jibu litakusaidia kuamua.

Angalia pia unavyotumia onyesho la kwanza rasmi, maana majumba mengi huipenda tamthilia ambayo haijachezwa popote, na kupata jumba la pili ndiko kugumu. Usomaji hauhesabiwi kuwa onyesho la kwanza. Mpango wa National New Play Network hupitisha tamthilia moja katika majumba matatu au zaidi, kila moja likiihesabu mpya, nawe ukiendelea kuandika kati ya moja na jingine. Ukikosa hilo, kaa ukumbini usiku tatu za mwanzo na karatasi yako ya namba za kurasa, sahihisha mswada ndani ya wiki moja baada ya pazia la mwisho, kisha weka toleo jipya mtandaoni lenye tarehe yake.