Mbatata, kitunguu maji na sukari: jaribio la osmosisi hatua kwa hatua kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Jaribio la osmosisi limo karibu katika kila kozi ya baiolojia ya mwaka wa kwanza, na alama zake hupotea pale pale kila mara: kwenye mizani na kwenye karatasi ya kukaushia. Nadharia wengi wanaijua tangu skuli. Maji hutoka penye kiyeyushwa (kitu kilichoyeyuka ndani yake, kama sukari) kidogo kwenda penye kingi kupitia utando wa seli, basi. Kazi ni kuipata namba inayoaminika.

Mwongozo huu umepangwa kwa kipindi kimoja cha maabara cha saa 3. Vipande vya mbatata vinakaa ndani ya maji ya sukari kwa saa nzima, na saa hiyo ndiyo ya hadubini. Mizani itakwambia maji yameingia au yametoka kiasi gani, na hadubini itakuonyesha yametoka wapi.

Vitu vya kuwa navyo

Mbatata 3 za ukubwa wa wastani, kitunguu maji chekundu 1, sukari nyeupe gramu 200, maji lita 1, bika 6 za mililita 150 (bilauri za kioo zinatosha), silinda ya kupimia ya mililita 100, chupa yenye alama ya mililita 500, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kisu, wembe mpya, rula ya plastiki inayopitisha mwanga, kibanio, dropa, slaidi, vioo vya kufunikia, tishu na iodini.

Mbatata chagua mwenyewe, iwe Darajani au Mwanakwerekwe hapa Zanzibar mjini, au sokoni Chake kule Pemba. Nyingi zimevuka bahari kutoka bara na zimekaa kwenye gunia, kwa hiyo angalia macho yake. Iliyoanza kuchipua iache, maana wanga wake umeanza kugeuka sukari na jibu lako litasogea. Iliyonywea nayo iache. Ukikosa mbatata nzuri, papai bichi linafaa. Muhogo pia unafanya kazi, ila una nyuzi katikati na vipande vyake havilingani, na mbichi usiuonje.

Kwa maji tumia yaliyotoneshwa au ya mvua yaliyokingwa safi. Ya kisima kwetu yanapita kwenye mawe ya chokaa na yana chumvi zake. Kosa lake si kubwa, lakini bika utakayoiandika 0.0, yaani maji yasiyo na kiyeyushwa, haitakuwa 0.0.

Hatua ya 1: Tengeneza mmumunyo mama

Unataka mililita 500 za sukari yenye ukolezi wa moli 1.0 kwa lita. Moli moja ya sukari ya kawaida ni gramu 342.3, kwa hiyo nusu lita inahitaji gramu 171.2. Sukari itoke kwenye pakiti iliyofunguliwa siku hiyo. Iliyokaa wazi wakati wa masika hunywa unyevu wa hewa na kushikana mabonge, na hapo unapima sukari pamoja na maji.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kundi moja katika kila darasa linapoharibikiwa. Usipime maji mililita 500 ukamwaga sukari ndani. Sukari ina nafasi yake: gramu 171 ikishayeyuka inachukua zaidi ya mililita 100. Ukifanya hivyo utapata mililita 600 na ushei, na ukolezi wako utakuwa kama 0.83 badala ya 1.0. Weka kwanza maji mililita 250, tia sukari, koroga mpaka isionekane hata chembe chini, kisha ongeza maji mpaka alama ya 500.

Kutoka kwenye mmumunyo mama gawa hivi, kila bika ipate mililita 100 (namba ya mbele ni ukolezi wa moli kwa lita, zinazofuata ni mililita):

0.0: maji matupu 100
0.2: mmumunyo 20, maji 80
0.4: mmumunyo 40, maji 60
0.6: mmumunyo 60, maji 40
0.8: mmumunyo 80, maji 20
1.0: mmumunyo 100

Silinda ikipita kwenye mmumunyo mzito isuuze kabla ya kuhamia mwingine, au anza na maji matupu ukipanda. Andika ukolezi kwenye ubavu wa bika kwa kalamu ya wino usiofutika. Kikaratasi kilichowekwa mbele ya bika hupeperushwa na feni, na mimumunyo yote sita kwa macho ni maji tu.

Hatua ya 2: Kata na pima

Menya mbatata kabisa. Ganda lina tabaka linalozuia maji, na kipande kilichobaki na ganda upande mmoja hakitaenda sawa na wenzake. Kata vipande vya sentimita 1 kwa 1 kwa 4. Kama maabara ina kitoboleo cha koki kitumie, maana kipenyo chake hakibadiliki.

Unahitaji vipande 18. Kata 6 kutoka kila mbatata, halafu kila bika ipate kimoja kutoka kila mbatata. Ukiweka vipande vyote vya mbatata ya kwanza kwenye bika mbili za mwanzo, na vya ya pili kwenye mbili zinazofuata, hutajua tena kama tofauti unayoiona imeletwa na sukari au na mbatata yenyewe.

Kausha kila kipande kwa tishu, kipime, andika. Kausha vyote kwa namna moja: vigusishe tishu pande zote nne na ncha mbili, mara moja tu, bila kuminya. Hesabu kidogo itaonyesha kwa nini nasisitiza. Uso wa kipande hiki ni sentimita za mraba 18. Maji yaliyobaki juu yake yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita ni gramu 0.18, na kipande chenyewe kina gramu 4 na kidogo. Hayo ni zaidi ya asilimia 4, yaliyotoka kwenye tishu, si kwenye osmosisi. Ndiyo sababu mtu mmoja wa kundi akaushe vyote, mwanzo na mwisho.

Pima kimoja kimoja, usipime vitatu pamoja. Kipande kimoja kikija na jibu la ajabu baadaye, utataka kujua ni kipi.

Vizamishe vyote kwa karibu wakati mmoja, andika saa, funika bika kwa karatasi ya plastiki ili maji yasipande hewani na kuacha sukari nzito zaidi. Kisha zipange bika zote ndani ya sinia lenye maji kidogo. Sinia hili halimo kwenye vitabu, lakini kwa sisimizi wa hapa, sukari iliyoachwa mezani kwa saa moja haiko peke yake tena.

Dakika 60 zinatosha. Wapo wanaoacha mpaka kesho yake. Kwenye chumba cha nyuzi 28 au 30 mbatata huanza kuoza na kutoa povu, na seli zilizokufa hazina tena utando wa kuchagua kinachopita.

Hatua ya 3: Hadubini, wakati mbatata inasubiri

Kata kitunguu maji chekundu robo, toa gamba nene moja, na kutoka upande wake wa nje, wenye zambarau, bandua ngozi nyembamba kwa kibanio. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli, kifuko kikubwa cha maji katikati ya seli, na ndiyo itakayokuonyesha mambo. Ngozi ya upande wa ndani hubanduka kwa urahisi zaidi lakini haina rangi. Hiyo itumie kwa slaidi ya iodini, utakapotafuta kiini cha seli.

Tia tone moja la maji katikati ya slaidi, laza ngozi juu yake isijikunje, kisha simamisha kioo cha kufunikia upande mmoja wa tone na ukiteremshe polepole kwa ncha ya sindano. Ukikiangusha kwa ghafla unafungia mapovu. Povu ni duara lenye ukingo mweusi mnene, na wako wanaolichora wakaliandika "kiini".

Anza na lenzi ya ×4 kila mara. Rekebisha, sogeza unachokitaka katikati, ndipo uhamie ×10 na ×40. Kwenye ×40 tumia skrubu ndogo tu, kwani kubwa itavunja kioo cha kufunikia na kukwaruza lenzi. Umeme ukikatika, hadubini yenye kioo cha kuakisi inafanya kazi vizuri dirishani kwa mwanga wa mawingu. Kamwe usiielekeze kwenye jua lenyewe.

Sasa pima. Weka rula ile ya plastiki chini ya ×4 na usome upana wa duara unaloliona. Tuseme ni milimita 4.5. Kwa lenzi ya jicho ya ×10, ukuzaji hapo ni ×40. Ukihamia lenzi ya ×10 ukuzaji unakuwa ×100, na upana unakuwa 4.5 × 40 ÷ 100, yaani milimita 1.8. Ukihesabu seli 6 zilizolala kichwa kwa mguu kutoka ukingo hadi ukingo, seli moja ina urefu wa milimita 0.3, au mikromita 300.

Kisha toa maji seli. Dondosha tone la mmumunyo wa 1.0 ukingoni mwa kioo cha kufunikia, na upande wa pili gusisha tishu inyonye. Mmumunyo utavutwa chini ya kioo. Subiri dakika 5 bila kuhamisha macho kwenye seli uliyoichagua. Zambarau itaanza kuachana na kona za ukuta, halafu itajikusanya katikati ikiwa imekoza, na ukuta wa seli utabaki pale pale kama chumba kilichohamwa. Ukirudisha maji safi kwa njia ile ile, rangi hutanuka tena mpaka ukutani.

Isipotokea kitu, sababu ni moja kati ya hizi: ngozi ni nene mno na mmumunyo haujafika, au seli zimekufa. Slaidi iliyotiwa iodini usiitumie hapa. Iodini huua seli, na utando wa seli iliyokufa hauzuii chochote.

Kuchora

Penseli kali, mstari mmoja usiorudiwa, bila kivuli. Seli 3 au 4 zinatosha, kubwa. Mistari ya majina kwa rula, isikatane. Na ukuzaji unaouandika chini ni wa mchoro wako, si wa hadubini: seli ya milimita 0.3 uliyoichora kwa urefu wa milimita 90 imekuzwa mara 300. Anayeandika ×100 kwa sababu lenzi ilisoma hivyo, alama hiyo ameitupa.

Hatua ya 4: Pima tena, hesabu, soma grafu

Dakika 60 zikitimia toa vipande kwa mpangilio ule ule ulioviweka, kausha kwa namna ile ile, pima. Vishike pia kwa vidole: vya 0.0 vitakuwa vigumu vinavyokatika kwa mlio, vya 1.0 vitapinda kama mpira. Andika na hilo.

Badiliko la asilimia ni uzito wa mwisho toa wa mwanzo, gawa kwa wa mwanzo, mara 100. Kipande kilichotoka gramu 4.12 kikawa 4.51 kimeongezeka kwa 9.5. Kilichotoka 4.05 kikawa 3.28 kimepungua, na alama ya kutoa lazima ionekane: −19.0. Usitumie gramu tupu kwenye grafu, maana vipande havikuanza sawa. Wastani uchukue kwa vipande vitatu vya kila bika, na kilichopotoka usikifute, kiandike kisha useme ulichokiona.

Ukolezi unakaa kwenye mhimili wa chini, asilimia wima, na sifuri iwe katikati ili hasi ziwe na pa kukaa. Pitisha mstari laini katikati ya nukta, usiunganishe nukta kwa nukta. Mahali mstari unapokata sifuri, maji hayaingii wala hayatoki. Kwa mbatata mara nyingi ni kati ya 0.2 na 0.4. Kwa mfano, kama 0.2 imetoa +3.1 na 0.4 imetoa −4.2, mstari unakata karibu na 0.285.

Mkitakiwa potenshali ya maji (Ψ), yaani kipimo cha mwelekeo wa maji kuhama, kanuni ni Ψ = −iCRT. Kwa sukari i ni 1, C ni ukolezi pale mstari ulipokata sifuri (hapa 0.285), R ni namba isiyobadilika 0.00831, na T ni joto la chumba kwa kelvini. Hapo ndipo wengi wananakili nyuzi 20 kutoka kitabuni, kitabu cha watu wa baridi. Tundika kipimajoto. Chumba chetu kikiwa na nyuzi 28, T ni 301, na jibu ni −0.71 megapaskali. Kwa 20 ungepata −0.69.

Ripoti utaiandika kwa Kiingereza. Usimalizie kwa kusema jaribio "limethibitisha osmosisi". Andika ukolezi ulioupata, kisha taja kosa lenye uzito na lilikosukumia jibu. Vipande visivyokaushwa vya kutosha mwishoni vinapandisha nukta zote, na mstari unakata sifuri mbali zaidi kulia. "Makosa ya kibinadamu" si maelezo.

Kabla ya kutoka, futa meza ya hadubini kwa tishu yenye maji kisha kavu. Tone la sukari likikauka pale huvuta sisimizi na kushikanisha vibanio vya slaidi. Lenzi zifute kwa karatasi yake tu, rudisha ×4 chini, na hadubini iingie kwenye sanduku lake na kifuko cha silika, kwa sababu unyevu wa pwani hii huotesha kuvu juu ya lenzi, na ikishakula kioo haisafishiki tena.