Bustani ya Shule Ianzie Sufuriani

Shule nyingi hupanda kwanza, ndipo zinaulizana mboga itakwenda wapi. Mchicha wote unakomaa wiki moja, mwingine unachanua ungali tutani, kisha wanafunzi wanarudi kwenye makande matupu. Mwalimu wa kilimo, kabla hujashika jembe, kaa na mpishi umuulize: mboga ya majani tunaitaka siku ngapi kwa wiki, na kila siku kilo ngapi?

Tuchukue shule ya wanafunzi 300. Ukimpimia kila mmoja gramu 50 za majani mabichi, unahitaji kilo 15 kwa mlo mmoja. Tuta la mita 1 kwa 10, lenye samadi iliyooza vizuri na lisilokosa maji, linaweza kufikisha kiasi hicho. Kwa kuwa mchicha huvunwa kati ya wiki ya 3 na ya 5, sia tuta moja kila wiki, si matuta manne siku moja. Pembeni panda sukuma wiki na matembele. Hizo unachuma majani, mmea unaendelea kuzaa. Viazi lishe (viazi vitamu vya rangi ya chungwa), palipo na maji, vipandwe shule ikifungua Januari ili vilike kabla ya likizo ya Juni.

Suala la dawa halina mjadala. Tuta lililopuliziwa lisiguswe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Tarehe ya kupulizia iandikwe kwenye kibao kilichochomekwa palepale tutani. Daftari la ofisini watoto wanaotumwa kuchuma hawalioni!

Majani yachumwe asubuhi, yaoshwe yakiwa mazima, ndipo yakatwe. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, sehemu ya vitamini inamwagika na maji. Kwenye makande, subiri mahindi na maharage yaive kabisa. Mpishi avute kuni mbili nje, atie mchicha na mafuta kidogo, afunike dakika 5 hivi, kisha apakue. Mafuta hayo yasiachwe, maana mwili haufyonzi vizuri vitamini A bila mafuta.

Baada ya mlo, chungulia ndoo ya makombo. Majani yakirudi, usiwagombeze watoto. Yaguse: yakiwa na nyuzinyuzi, yalichelewa tutani, na tuta linalofuata livunwe siku 4 au 5 mapema zaidi.