Kabla ya kuripoti chuoni kusoma uhasibu au uchumi

Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari Kenya, huisha Novemba, na wengi huripoti chuoni Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Miezi hiyo ya kungojea huwaponza wanafunzi wengi wa uhasibu na uchumi kuliko ugumu wa masomo yenyewe. Kijana anashika kazi dukani kwa jamaa yake Kongowea, Mombasa, au anakaa nyumbani tu, na hesabu zinamtoka kichwani. Mhadhiri naye hana habari na hayo. Wiki chache tu, ubao umejaa milinganyo.

Kwa hiyo la kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kurudia hesabu. Si zote. Duara na pembetatu ziache zilale. Shika aljebra, grafu, asilimia na ile kalkulasi ya kidato cha nne. Jipime hivi: ikiwa gharama jumla ya kutengeneza bidhaa kiasi cha Q ni 100 + 5Q + Q², gharama ya nyongeza, yaani ya kuongeza bidhaa moja zaidi, ni ipi? Anayekumbuka atajibu 5 + 2Q, na Q ikiwa 10 atasema 25. Asiyekumbuka atakariri jibu la jirani, na namba zikibadilishwa amekwama.

Uhasibu hautaki hesabu ngumu; sehemu kubwa ni kujumlisha na kutoa. Unataka mkono. Leja, daftari la hesabu za biashara, haisomwi kama riwaya, mtu kajilaza kitandani. Tafuta genge la mboga au duka la mtu anayekuamini, uandike miamala ya wiki moja: kilichonunuliwa, kilichouzwa, nani kakopa, nani kalipa. Kisha toa urari, yaani jumlisha upande wa debiti na wa krediti uone kama zinalingana. Pande mbili zisipolingana, usichane ukurasa. Chukua tofauti uigawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda umepindua tarakimu, 5,400 ukaiandika 4,500. Tofauti ikiwa shufwa, igawe kwa 2 uitafute nusu yake, huenda kuna kiasi kama hicho kilichoandikwa upande usio wake. Aliyewahi kuzisaka shilingi 900 namna hiyo mpaka akazipata, chumba cha mtihani hakimbabaishi. Na kazi hiyo haipotei bure: utaratibu wa kuandika pande mbili ambao mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 ndio huo huo utakaoukuta darasani.

Halafu pa kukaa. Anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, naye kapanga Likoni kwa sababu kodi ni nafuu, ana feri mbele yake kila asubuhi. Mtembea kwa miguu hatozwi nauli, lakini muda anaosimama kwenye foleni ni gharama. Mwalimu wa uchumi hatapata mfano bora wa gharama ya fursa, yaani kile unachokikosa kwa kuchagua kingine. Kabla ya kulipa kodi, piga hesabu ya nauli ya matatu, ya muda na ya usingizi. Chunguza pia paa. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, chumba cha mabati hakisomeki mchana, na utalazimika kusoma alfajiri au kuhamia maktaba. Anayefunga aangalie kalenda mapema: Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na ikikutana na mitihani, saa za baada ya daku ndizo zenye kichwa chepesi.

Pesa za mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ziombe dirisha likifunguliwa tu, na kama umetimiza miaka 18 huna kitambulisho, anza na hicho. Usiweke kodi ya mwezi wa kwanza juu ya mkopo ambao bado haujaingia. Mwenye kudaiwa karo husoma roho juu, na vyuo vingi havimruhusu kufanya mtihani.

Kuna wazazi wanaotaka mtoto aanze CPA, mitihani ya uhasibu wa kitaalamu inayotolewa na bodi ya KASNEB, mwaka wa kwanza pamoja na digrii. Mimi ningesubiri mwaka wa pili, nikishajua kasi yangu, na ningeuliza kwanza ni karatasi zipi digrii hiyo inanisamehe. Kulipia mtihani ambao ungesamehewa si uhasibu mzuri.

Tafuta wenzako watatu au wanne wa kusoma nao. Elezaneni kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aelewe, kisha kila mtu aandike jibu lake kwa Kiingereza, maana ndicho kitakachosahihishwa. Na kikokotoo nunua chako mapema, ukizoee vitufe vyake. Simu haikubaliwi kwenye mtihani, na cha kuazima, mwenye nacho naye atakihitaji saa ile ile.