Ukikwaruza bomba la kinu, weka grenda chini

Mpwa wangu, juzi ulinipigia ukasema umepata kazi ya ufundi bomba kwenye ujenzi wa kinu cha nyuklia ng'ambo, na swali lako la kwanza likawa mshahara. Mimi naanza na la pili, maana wenzako wa Ngamiani nao wameniuliza: kifaa kikiumia mkononi mwako, unafanyaje?

Nikiri kwanza. Nikiwa bado kijana, kwenye karakana moja hapa Tanga, niligonga bomba la stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, kwa mnyororo wa winchi. Mkwaruzo wa urefu wa kidole. Nikachukua grenda, nikausawazisha, ukang'aa. Kumbe jiwe la grenda ile asubuhi lilikuwa limekata chuma cha kawaida. Hewa ya bahari ya kwetu unaijua: wiki haikuisha, pale nilipong'arisha pakatoka madoa ya kutu. Chembe za chuma zilikuwa zimejipachika kwenye stenlesi. Mkwaruzo ulikuwa wa kuripoti tu. Kilichoniponza ni grenda.

Baadaye nilikagua mishono ya kuchomelea kwenye ujenzi wa kinu, na huko hata kalamu ya kuandikia bomba huchaguliwa, wino wake usije ukaleta chumvi. Chumvi, joto na mvutano vikikutana, stenlesi huweza kupasuka bila kuonyesha dalili nje.

Kwa hiyo simamisha kazi. Usipanguse, usipige msasa, usipake rangi. Kifaa kifungie kibandiko cha kuzuia, kinachosema kisiguswe mpaka uamuzi utoke; kibandiko hicho kifunge kwa waya kabisa, maana kikipeperuka zamu ya usiku italiunga bomba na asubuhi hutalifikia tena. Kama kipande kinahamishika, kipelekwe sehemu iliyozungushiwa, mbali na vilivyo salama.

Ripoti iandikwe zamu hiyohiyo. Andika namba iliyogongwa kwenye chuma, chumba, saa, kilichogonga, urefu na kina kwa milimita. Piga picha na rula pembeni. Usiandike "limeumia kidogo". Kidogo kwa macho ya nani? Wala usiandike sababu ambayo hukuiona.

Uamuzi si wako, na si wa foromani. Ni wa wahandisi wenye mchoro, nao wana njia nne: kitumike kilivyo, kirudishwe sawasawa na mchoro, kikarabatiwe, au kitupwe. Hizo mbili za kati watu huzichanganya. Kukarabati maana yake kitafanya kazi kwa usalama ingawa hakitalingana tena na mchoro wa awali, ndiyo maana hesabu hupigwa upya. Ukisaga mkwaruzo, ukuta wa bomba unapungua. Unene hupimwa kwa mawimbi ya sauti, kisha rangi ya kupenya hutafuta ufa. Anayepima asiwe yule aliyesaga.

Foromani akikwambia ratiba imebana, mpe hadithi ya kinu cha nyuklia kilichokuwa kikijengwa Ostrovets, Belarus. Julai 2016, chungu cha kinu, yaani chombo cha chuma kinachobeba fueli ya nyuklia, chenye uzito wa zaidi ya tani 300, kiliponyoka wakati wa kunyanyuliwa. Habari ikatangulia kutoka kwa mtu wa nje kabla ya wenye mradi kusema. Wajenzi walishikilia kwamba chungu hakikudhurika, lakini nani angewaamini tena? Wakaleta kingine.

Na Flamanville, Ufaransa, ujenzi wa kinu kipya ulianza 2007. Mwaka 2019 mdhibiti wa usalama wa nyuklia akataka mishono minane ya mabomba ya mvuke irekebishwe, nayo ilikuwa imekwisha kufungiwa kwenye uwazi kati ya kuta mbili za jengo la kinu. Wakalazimika kutumia roboti. Umeme wake uliingia kwenye gridi Desemba 2024. Mshono hurekebishwa kwa urahisi siku ulipochomelewa, wakati mkono bado unafika.

Foromani akikaza shingo, nenda moja kwa moja kwa watu wa ubora. Sikudanganyi kwamba atakupenda.

Namba ya ripoti iandike kwenye daftari lako. Pita kila wiki uulize imefikia wapi, mpaka uone sahihi ya mkaguzi na kibandiko kimetolewa na mwenye idhini, si na upepo. Ukishaona hivyo, nipigie tuzungumze mshahara.