Jinsi ya kuisoma historia ya kijiji cha milimani Ireland: mfano wa Slievemore

Kama umetokea kukipenda kijiji flani cha milimani kule Ireland na unataka kujua waliishi kina nani, usianze na picha za mandhari, anza na jina. Chukulia Slievemore, mahame yaliyoko kisiwa cha Achill, kaunti ya Mayo. Kwa Kiairishi ni Sliabh Mór, yaani mlima mkubwa, na kweli mlima wenyewe una mita 671. Ingia logainm.ie, tovuti ya majina ya mahali ya Ireland, uangalie jina lilivyokuwa likiandikwa zamani, alafu ushikilie jina la kitongoji (townland, yaani kieneo kidogo cha ardhi chenye jina lake) maana Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000 na rekodi nyingi za ardhi zimepangwa hivyo.

Sensa za miaka ya 1800 usihangaike nazo sana, nyingi serikali iliziharibu yenyewe na zingine ziliteketea Dublin mwaka 1922 jengo la kumbukumbu lilipoungua kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Zilizobaki nzima ni ya 1901 na ya 1911, zipo mtandaoni bure kabisa. Pengo la nyuma liziba na orodha ya Griffith ya 1847 hadi 1864, hiyo ilikuwa ya mambo ya kodi kwa hiyo utamkuta mpangaji na mwenye ardhi, ila mke na watoto hawamo, na inauma kwa sababu ilianza wakati wa Njaa Kuu, viazi vilianza kuoza 1845, watu kama milioni moja wakafa na wengine kama hao wakahama nchi.

Kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote iko dúchas.ie, tovuti ya hadithi na mila za Ireland. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi waliambiwa wakawaulize wazee wa nyumbani hadithi za kale, wakaziandika kwenye madaftari, na mwandiko wao wenyewe unauona.

Ukifika penyewe nenda jua likiwa chini, asubuhi au jioni, hapo vivuli vinakuonyesha matuta ya viazi yakishuka mlimani mistari kwa mistari, utadhani yamelimwa juzi. Nyumba za mawe ni kati ya 80 na 100, hazina paa. Chungulia ndani uone udogo wake, alafu kumbuka ng'ombe nao walilala humo humo. Baadaye watu walihamia Dooagh ufukweni wakawa wanazirudia kiangazi tu, kuchunga. Kuta usizipande, zimelegea. Malizia makaburini hapo jirani, nakili majina ya ukoo kisha uyatafute moja moja kwenye ile orodha ya Griffith.