Kupima nitreti na floraidi kwenye kisima chako, Dodoma

Maji ya bomba ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na yana wapimaji wake. Hapa nazungumzia kisima chako, ulichochimba uani baada ya kuchoshwa na mgao. Maji yake yanaweza kuwa meupe, hayanuki, na bado yamebeba nitreti ya vyoo vya shimo.

Hatua ya 1. Zunguka kwanza. Choo, shimo la majitaka au zizi viko umbali gani, na upande upi wa mteremko? Saruji ya mdomo wa kisima ina ufa? Andika.

Hatua ya 2. Washa pampu, maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Kinga kwenye ndoo, utamwagilia miti. Ukiwa na mita ya EC (hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani wingi wa chumvi zilizoyeyuka), subiri namba itulie. Sampuli ichukuliwe kabla maji hayajaingia kwenye simtanki.

Hatua ya 3. Tumia chupa ya plastiki; floraidi na kioo havipatani. Isuuze mara tatu kwa maji hayohayo, jaza, funga, andika tarehe na saa. Chupa ya bakteria ni nyingine: maabara huitakasa, wewe huisuuzi.

Hatua ya 4. Iweke kwenye boksi lenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Sampuli iliyoshinda juani kwenye bodaboda haina maana, maana vijidudu hubadilisha nitreti njiani.

Hatua ya 5. Soma kipimo, usisome namba tu. Hapa wengi huteleza. Maabara nyingine huandika nitreti kama NO₃ (nitreti nzima), nyingine kama N (nitrojeni iliyomo tu). Zidisha ya N kwa 4.43: karatasi inayosema 10 kwa N ni takriban 44 kwa NO₃, na kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni 50 mg/L (miligramu kwa lita) za NO₃. Ukidhani ni 10 ya NO₃, utalala usingizi usiostahili. Floraidi kikomo ni 1.5 mg/L, ukiwa upande wa Singida, usiiruke kabisa.

Hatua ya 6. Nitreti ikizidi, usichemshe ukidhani unatibu. Vijidudu vitakufa, lakini mvuke ukitoka nitreti inabaki sufuriani, tena imekolea. Klorini nayo haiiondoi. Mtoto wa chini ya miezi sita anayekunywa maziwa ya kopo atafutiwe maji mengine siku hiyohiyo, kwa sababu nitreti huzuia damu yake kubeba oksijeni. Kufulia na kudekia, endelea.

Pima tena mvua zikikatika, Aprili au Mei, kwa sababu mvua ndiyo inayosukuma uchafu wa vyoo chini.